Kipande cha Saba

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na goti limeacha kukutabiria mvua. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu na anakukumbusha jino, maana kila ukiandika unasema utaling'oa wiki ijayo, na wiki ijayo yako sasa ina umri wa mwaka. Nakuandikia kwa sababu ukipigiwa simu unajibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza. Unasema mashine ya kuchanganyia zege ndiyo iliyokula masikio yako. Mama anasema ulikuwa husikii hata kabla ya mashine. Basi dereva wa lori la majivu atakuwa tarishi wetu, kwa kuwa anapakia hapa karibu na maabara na anashusha kwako.

Majivu yenyewe ndiyo sababu ya barua. Kiwanda cha umeme huku kinachoma makaa ya mawe. Katika bomba la moshi hunaswa jivu laini kama unga, nalo hurundikwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Upepo ukivuma, shuka nyeupe huanuliwa zikiwa za kijivu. Nimeishi na mlima huo dirishani kwa miaka mitatu, na siku hizi nikiuangalia sioni taka. Naona barabara iliyolala. Jivu hili likikutana na saruji na maji hushika kama saruji, ila polepole. Tukiondoa theluthi ya saruji na kuweka jivu mahali pake, zege linapata nguvu ileile, mlima unapungua, na ile theluthi ya saruji haipikwi tena kwenye matanuri yenye moshi kuliko kiwanda chetu.

Kamati ya barabara imekubali tujaribu kwenye vipande kumi vya barabara unayoisimamia. Niliomba iwe yako. Michemraba ya zege mtakayomimina kwenye visanduku vya chuma mtaniletea niiponde kwenye mashine, siku ya saba na siku ya ishirini na nane. Siku ya ishirini na nane kamati inataka kipimo cha nguvu kifike thelathini na tano. Kisipofika, wanarudi kwenye saruji tupu na mlima unabaki ulipo.

Maelekezo ni kurasa nne. Tafadhali zisome zote. Najua wewe husoma mstari wa kwanza na sahihi.

Mpwa wako

19 Februari

Profesa wa Jivu,

Marahaba mwanangu. Goti halijambo, jino nalo halijambo, kinachosumbua ni dada yangu. Mwambie kwamba meno ni yangu na wiki ni zangu. Mke wangu, shangazi yako wa huku, anakusalimu. Amepaka nyumba rangi ya buluu bila kuniuliza, na sasa kila nikiingia nahisi nimeingia kwa daktari.

Nimepokea kurasa zako nne. Mwanangu, nimejenga barabara tangu wewe hujaota meno, na kazi ya majivu niliyoijua katika miaka yote hiyo ni kusugulia sufuria. Leo naambiwa niyalaze chini ya malori ya tani thelathini. Nilimpa msaidizi wangu awasomee mafundi. Huyu tunamwita Pimamaji, kwa sababu hatembei bila kile chombo chake cha kupimia usawa. Nadhani hata mto wake huupima kabla ya kulala. Alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Alipofika kwenye "barabara iliyolala", fundi mmoja aliuliza kama tuimimine au tuifunike blanketi.

Umeandika zege litakawia kushika. Hapo ndipo tunapogombana. Hapa kazini zege huwa nalipima kwa kisigino. Asubuhi ya pili nasimama juu yake na kuzunguka mara moja. Likinikubali, linafunikwa. Likinikataa, linavunjwa, na hilo halijawahi kutokea kwenye kazi yenye jina langu.

Jambo jingine. Barua yako inasema kamati itarudi kwenye saruji. Haisemi wewe utarudi wapi. Dada yangu naye ana kalamu, na ameniandikia. Aliloniambia silisemi, kwa kuwa wewe hukuniambia.

Tunaanza kumimina tarehe mbili Machi.

Mjomba wako

11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Msalimie shangazi, mwambie buluu ni rangi ya heshima na asikubali kuibadilisha. Huku bibi amepata miwani mipya na amegundua kuwa nyumba ni chafu. Tunalala kwa amani tukiwa tumechoka kufagia.

Kuhusu mama, usimsikilize sana. Tangu astaafu hana wasiwasi wake mwenyewe, kwa hiyo anatumia wa wengine.

Sasa kaa chini. Michemraba ya kwanza nimeiponda leo asubuhi, ya siku ya saba. Nilikuwa naomba ishirini. Imetoka thelathini na moja. Nilidhani mashine imeharibika, nikaponda mwingine, nao ukawa thelathini na moja. Mkuu wangu wa maabara, mtu ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka, alitabasamu, nadhani ni malipo ya mbele ya mwezi wa sita. Mimi nilifurahi kama robo saa hivi. Kisha nikaanza kuogopa ile furaha, nikakaa kwenye stuli nikiwaza kwa nini jivu langu limekuwa na haraka hivi. Labda hali ya hewa ya huko. Labda mikono yenu. Ndivyo nilivyo, unanijua. Nikipewa zawadi naanza kwa kuigeuza nione imeshonwa wapi.

Maelekezo mmeyafuata yote?

Mpwa wako

29 Machi

Profesa,

Marahaba. Usinicheke, jino limeng'olewa. Tarehe kumi na tano uso ulivimba upande mmoja nikawa kama nimeficha embe shavuni, na shangazi yako akanipeleka hospitali kwa nguvu. Daktari alikuwa msichana wa rika lako. Alinivuta kama anang'oa nguzo ya uzio, kisha akaniambia nisizungumze siku mbili. Shangazi yako anasema ndizo siku mbili bora za ndoa yake.

Sasa, katika siku hizo Pimamaji alimimina kipande cha saba peke yake. Niliporudi nikasimama juu yake, kisigino kikazama kama kwenye tope. Nilimwambia mbele ya mafundi kwamba ameniaibisha. Alinijibu, "Mkuu, nimefuata karatasi." Nikamwambia karatasi haibebi malori. Nimekipaka msalaba mwekundu, tutakivunja na kukimimina upya. Hicho usikihesabu.

Vile vingine vyote viko imara kama mwamba. Waambie wakubwa zako.

Mvua huku haijaanza. Goti linasema wiki ijayo.

Mjomba wako

15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Pole sana kwa jino, na hongera kwa shangazi. Barua yako imekaa chini ya kiti cha dereva wiki mbili, ameileta na alama ya kiatu.

Nina matokeo ya siku ya ishirini na nane kwa vipande vingi. Kila kimoja kimepata arobaini na tatu au zaidi, isipokuwa kile cha saba, ambacho kimepata thelathini na tatu. Mkuu wangu amesema cha saba ni makosa ya uwanjani, tukiandike pembeni, tupeleke ripoti ya vile vingine. Kamati inakaa tarehe ishirini na mbili Mei. Watu maabara wananipongeza kwenye korido.

Ila kuna kitu kinanikera. Nikiweka zile hesabu mezani, cha saba kinafanana na kila nilichojaribu mwenyewe hapa maabara kwa miaka miwili: kinaanza kinyonge, kinapanda taratibu. Vile vingine havifanani na jivu langu. Vinafanana na saruji tupu.

Kwa hiyo nakuuliza, na nakuomba unijibu swali lililoulizwa. Tarehe kumi na sita Machi Pimamaji alifanya nini tofauti? Au niseme hivi, siku nyingine zote mlifanya nini tofauti na yeye?

Na kipande usikivunje kwanza.

Mpwa wako

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima. Ni hali ya hewa tu, siku ile kulikuwa na unyevu. Sikiliza mkuu wako, ni mtu mwenye uzoefu. Cha saba nakivunja Jumatatu.

Shangazi anakusalimu. Nina kazi nyingi, nitakuandikia kwa urefu.

Mjomba

13 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama na bibi wazima.

Barua yako ilinifikia kwa siku tatu. Hujawahi kunijibu kwa siku tatu, wala kwa mistari mitano. Hata rambirambi zako huwa na kurasa mbili na kichekesho. Hapo nikajua.

Sikukuandikia kwa sababu kila nikianza niliona naandika kwa mtu nisiyemjua. Kisha juzi dereva aliingia maabara kunywa maji, akaniambia, "Dada, mwambie mjomba wako anipokelee mzigo. Majivu ya kwanza bado yamejaa nyuma ya stoo, yamefunikwa turubai, na kila nikienda naambiwa nirudi nayo." Alisema hivyo tu, akaomba glasi ya pili.

Basi haya ndiyo ninayoyafikiri, unisahihishe kama nimekosea. Umemimina vipande tisa kwa saruji tupu, mchanganyiko wako wa siku zote. Jivu umelificha nyuma ya stoo. Pimamaji hakujua, alidhani ni akiba tu, kwa sababu ukiwepo mashine unaisimamia mwenyewe, na siku ulipozuiwa kusema ndiyo siku pekee karatasi yangu ilisomwa. Kipande ulichokipaka msalaba ndicho barabara yangu yote. Vile tisa ninavyopongezewa ni vyako.

Nimejiuliza ulifanya hivi kwa dharau au kwa huruma. Dharau ningeivumilia. Wewe unadharau kila kitu kilichovumbuliwa baada ya sururu, nami nimeshazoea. Huruma ndiyo inayoniuma, kwa maana ina maana ulishaamua kwamba nitashindwa, ukanitandikia mahali laini pa kuangukia.

Kama bado hujakivunja, kiache. Jivu halimalizi kazi siku ya ishirini na nane. Siku ya tisini ni tarehe kumi na nne Juni. Kama umekivunja, niambie kwa neno moja, ili nisiendelee kuhesabu.

Kamati nitaiambia kweli. Sijui bado kwa maneno gani.

Mpwa wako

17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimempa dereva chai na mkate ili asikalie barua hii.

Sijakivunja. Jumatatu ile mashine ya kuvunjia ilikuwa imewashwa, na Pimamaji akaja akasimama katikati ya ule msalaba na chombo chake mkononi. Nikamuuliza, "Unapima nini?" Akasema, "Napima kama mkuu wangu amenyooka." Mafundi wote wakaangalia viatu vyao. Nikazima mashine. Nilikuambia nitakivunja kwa kuwa nilitaka usiulize tena.

Yote uliyoandika ndivyo yalivyo, ila moja. Kipande cha kwanza nilianza kwa karatasi yako. Niliweka jivu. Asubuhi nikasimama juu, kikanikataa. Nikakumbuka barua ya dada yangu: kwamba mkataba wako ni wa mwaka mmoja, unaisha Juni, na hawakupi mwingine kama jaribio likianguka, kwamba umekonda, kwamba ukiulizwa unasema uko sawa. Nikawachukua watu wawili, tukakikwangua na kukimimina upya kwa mchanganyiko ninaoujua. Michemraba nayo tukamimina mipya. Baada ya hapo kila siku ikawa rahisi kuliko ya jana.

Unauliza dharau au huruma. Mimi sikusoma kama wewe, siwezi kuvitenganisha vikiwa vimeshachanganywa. Najua tu kwamba niliona mtoto wa dada yangu anatembea kuelekea shimoni, nikaweka ubao. Hukuwa umeniambia kwamba unajua kuruka. Wala hukuniambia kwamba kuna shimo.

Kwa kamati andika kwamba ni mimi. Usiandike "kulitokea hitilafu uwanjani." Andika msimamizi mkuu, miaka thelathini na mmoja kazini, alibadilisha mchanganyiko kwa hiari yake na akaficha. Hayo yote nimeyaandika ukurasa mzima wa pili, nikaweka sahihi chini, na safari hii nimesoma kila mstari ulio juu yake.

Mjomba wako

26 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Shangazi hajambo? Bibi amegundua kwa miwani ile kwamba mama ana mvi, na amemwambia, kwa hiyo nyumba imenuna.

Karatasi yako niliipeleka kama ilivyo. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikaisahau, nikasema tu kwamba vipande tisa si vyangu na kimoja changu kimeshindwa, na kwamba naomba wiki tatu zaidi. Mzee mmoja wa kamati aliuliza, "Yaani umekuja kutuambia hujafaulu?" Nikasema ndiyo, bado. Mkuu wangu aliangalia dari. Mkataba hawakuuongeza. Waliniruhusu kutumia mashine hadi tarehe thelathini Juni, na hilo lilikuwa la heshima.

Na wewe uko sahihi, sikukuambia. Nilitaka jivu lihukumiwe kama jivu, si kama mkate wangu. Nikaichagua barabara yako kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ambaye angeniambia usoni kwamba halifai, kisha nikakuficha jambo lililokufanya ushindwe kuniambia. Ningekuwa fundi wako ungenipaka msalaba mwekundu.

Tarehe kumi na nne nilikuja na mashine ya kutobolea, ukiwa umelala na homa yako ya kisingizio. Pimamaji alinisaidia, na nguzo tatu za zege tulizozichimba tulizibeba mapajani kama watoto. Tumezipima. Kipande cha saba: arobaini na sita. Vile vyako, tulivyovitoboa siku hiyohiyo: arobaini na saba.

Nimekaa na hesabu hizo siku nzima kabla ya kumwonyesha mtu.

Mpwa wako

17 Agosti

Profesa,

Marahaba. Homa ilikuwa ya kweli, muulize shangazi yako, ingawa atakudanganya. Tumeupaka rangi upya ukuta mmoja, ameniachia uwe mweupe. Mwambie dada yangu mvi zinampendeza.

Kwanza, arobaini na saba ni zaidi ya arobaini na sita. Nimeona uliliandika hilo harakaharaka ukapita. Nami narudi hapo, nasimama. Najua, najua, theluthi ya saruji. Shangazi yako ameshanieleza mara mbili, na sijui nani kamfundisha.

Habari kwamba kamati imekupa mkataba wa mwaka na barabara nyingine ya vipande ishirini nilizipata kwa Pimamaji kabla ya barua yako. Ndivyo ninavyojua mambo siku hizi, maana yeye ndiye msimamizi na mimi niko chini yake. Walinipa kuchagua kati ya kuondoka na kushuka cheo. Nikashuka. Mashine ya kuchanganyia naruhusiwa kuisogelea hatua kumi. Amezipima. Kazi yangu ni kulowesha magunia yanayofunika zege, asubuhi, mchana na jioni. Karatasi yako mpya imebandikwa ukutani, nimeisoma yote, kurasa sita. Wa tano una kosa. Umeandika tuloweshe siku saba. Zege linalokawia hivi linahitaji maji mpaka siku ya kumi na nne, la sivyo juu litageuka vumbi na kingo zitakatika. Cha saba kimeanza kukatika ukingoni upande wa jua, nenda kaone. Sikubadilisha chochote. Nimemwambia Pimamaji, akasema nikuandikie, akikubali mwenye karatasi ndipo ataagiza maji. Kwa hiyo nakuandikia, na dereva anasubiri mlangoni injini ikinguruma. Jibu upesi.

Jana alikuja mkaguzi wa kamati, kijana mwenye viatu visivyojua vumbi. Alinikuta na ndoo yangu kando ya kipande cha kwanza cha barabara mpya, zege likiwa siku ya pili, bado laini. Hakujua mimi ni nani. Akauliza, "Mzee, unaonaje, hili litashika?" Mafundi wakaacha makoleo. Miaka thelathini na mmoja swali hilo nalijibu kabla halijaisha kuulizwa.

Nikamwambia, "Mimi sijui. Kuna mpwa wangu, yeye ndiye anayejua."

Mjomba wako